Ukipangiwa Kazi Mtwara au Lindi: Namna ya Kuhamia na Kuishi kwa Kalenda ya Korosho

Kwa miaka mingi mtumishi aliyepata barua ya kupangiwa kituo cha kazi Mtwara au Lindi alipewa pole kabla ya kupewa hongera. Pole hizo zilikuwa na sababu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kutoka Dar es Salaam alivuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakishika, basi lililozama kwenye tope kati ya Ndundu na Somanga liliweza kuwalaza abiria porini. Kipande hicho cha kilomita 60 hivi ndicho kilichochelewa kuliko vyote kuwekewa lami. Leo safari ya takriban kilomita 450 hadi Lindi, au 560 hadi Mtwara mjini, ni ya siku moja, lakini pole zimebaki palepale, na wapo vijana wanaolia kwa kupelekwa mahali ambapo hawajawahi kupakanyaga.

Mwongozo huu ni kwa ajili yao, na kwa kila Mtanzania anayefikiria kuishi na kufanya kazi katika mikoa hii miwili, awe mwalimu, muuguzi, fundi au mfanyabiashara. Mimi mwenyewe nilifika Newala kwa barua ya namna hiyo, nikiwa nimejiwekea nia ya kukaa miaka mitatu kisha niombe uhamisho, na barua ya kuomba uhamisho sijaiandika mpaka leo. Nilichojifunza, tena kwa gharama, ni kwamba huku mwaka hauanzi Januari wala mwezi hauishii siku ya mshahara. Mwaka unaanza mikorosho inapokaribia kutoa maua, na anayepanga kodi ya nyumba, madeni, biashara na likizo yake kwa kufuata korosho huishi vizuri kuliko mwenye mshahara mnono anayeishi kwa kalenda ya ukutani.

Ulizia wilaya kabla ya kuulizia mkoa

Watu wa mbali husema "Mtwara" kana kwamba ni mahali pamoja. Soma jina la halmashauri kwenye barua yako kwa makini, kwa sababu maisha ya Mikindani na maisha ya Tandahimba hayafanani. Ukanda wa pwani, yaani Kilwa, Lindi mjini, Mikindani na Mtwara mjini, una joto, samaki, nazi na miji yenye umri mkubwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mtwara mjini utakuta barabara pana kuliko mahitaji ya magari yake, na mgeni hushangaa mpaka aelezwe kwamba mji ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, mradi ulioachwa mwaka 1951 kabla hata bandari iliyokusudiwa kuzisafirisha karanga hizo haijakamilika. Reli yake ya kwenda Nachingwea iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ilibaki, na leo mzigo wake mkubwa wa msimu ni korosho.

Ukipanda Uwanda wa Makonde, kwenye wilaya za Newala na Tandahimba, hewa inapoa na mikorosho imesimama mpaka ukingo wa bonde la Ruvuma, lakini maji hayakai juu ya ardhi. Mvua ikinyesha, mchanga unaimeza, na mito iko chini kabisa bondeni. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mwenye nyumba wa Newala halihusu kodi. Mwulize kama nyumba ina kisima cha kuvunia maji ya paa, kina ukubwa gani, na mwaka jana kilikauka mwezi gani. Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa na bati jipya na sakafu ya vigae, ila mfereji wa kukingia maji ya mvua ulikuwa umepasuka upande mmoja, nami sikuutazama. Kufikia Septemba nilikuwa nanunua maji kwa madumu kutoka kwa vijana wa baiskeli, na fedha niliyodhani nimeiokoa kwenye kodi ikaishia kwenye madumu.

Masasi, Nanyumbu, Nachingwea na Ruangwa ziko bara zaidi, na kati ya hizo Masasi ndiyo njiapanda ya biashara. Liwale ni mbali, inapakana na pori kubwa la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na tembo kuingia mashambani huko ni habari ya kawaida. Ukipangiwa huko, zungumza kwanza na mtumishi aliyepo kabla ya kununua makochi.

Kuhusu safari yenyewe, usihamishe vyombo kati ya Machi na Mei ikiwa una hiari. Mwaka 2024 mvua kubwa za Aprili, na kisha Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei, ziliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika maeneo ya Kilwa, na magari yakakwama pande zote mbili. Anayetokea Mbeya, Njombe au Iringa hana haja ya kuzungukia Dar es Salaam, kwani barabara ya lami inapita Songea na Tunduru mpaka Masasi. Ukifika, ripoti kwa afisa utumishi ukiwa na vyeti halisi pamoja na nakala zake, na ombi la posho ya kujikimu uliwasilishe siku hiyohiyo kwa maandishi, maana posho inayodaiwa kwa mdomo huchelewa.

Kalenda yenyewe

Mikoa hii ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mtu aliyezoea vuli na masika atashangaa kuona miezi sita au saba mfululizo bila mvua ya maana, lakini ukavu huo ndio unaoiwezesha mikorosho kutoa maua na kukomaza matunda bila kuharibiwa.

Anza kuhesabu mwezi Mei, kusi inapovuma na jua linapopungua ukali. Mei hadi Julai ni miezi ya ufuta, hasa upande wa Lindi, na fedha ya kwanza ya mwaka huingia vijijini kwa minada yake. Mahindi na mpunga navyo vimetoka shambani. Nunua chakula chako cha mwaka wakati huu, kikaushe vizuri na ukihifadhi, kwa sababu gunia hilohilo utalitafuta kwa bei nyingine kabisa Februari, mwezi ambao wenyeji huuita wa njaa ingawa mashamba ni ya kijani.

Kuanzia Juni hadi Agosti mikorosho huchanua, na adui wake mkubwa ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe unaokausha maua. Dawa yake ya siku nyingi ni salfa. Ukilala kijijini miezi hiyo utaamshwa na muungurumo kabla ya jua kuchomoza: ni vijana waliobeba mashine za kupulizia mgongoni, wamejifunga vitambaa puani, wanatembea chini ya mikorosho wakati upepo umetulia na majani yangali na umande, ili unga ule wa njano ushike. Jua likishapanda kazi imekwisha, na harufu hubaki hewani mpaka mchana. Usianike nguo nyeupe usiku wa kuamkia siku hizo, na kama una pumu, panga nyumba mbali kidogo na mashamba au uende likizo wakati huo. Hicho ndicho kipindi ambacho mkulima wa korosho anatumia fedha bila kuingiza, kwani analipa vibarua wa palizi, salfa na mafuta ya mashine. Agosti na Septemba mbaazi humpa pumzi kidogo.

Korosho huanza kuanguka Septemba, na minada mikubwa ni ya Oktoba hadi Desemba, mara nyingine mpaka Januari. Tangu msimu wa 2007/08 korosho huuzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima hupeleka mzigo wake chama cha msingi cha ushirika, unapimwa na kupangwa daraja, unapelekwa ghala kuu, kisha kampuni hushindania bei mnadani chini ya vyama vikuu kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao. Fedha huingia benki baada ya makato. Siku ya malipo mji unajulikana: foleni ya benki inafika barabarani, bati linapakiwa juu ya kila pikipiki, na fundi cherehani hana hata dakika ya kukusalimia.

Sasa tumia kalenda hiyo. Nyumba ya kupanga itafute kati ya Februari na Agosti, ambapo mwenye nyumba anahitaji fedha na anakubali kusikilizana; ukifika kwake Novemba amejaa korosho mfukoni na anakutajia bei ya Dar es Salaam. Kama utafungua duka, bati, saruji, vipuri vya pikipiki na vitenge viwe vimefika kabla ya mnada wa kwanza. Ukitoa mkopo wa bidhaa, usiukubalie tarehe. Andika "baada ya malipo ya mnada" na uulize mzigo wa mdaiwa uko chama gani. Mwalimu ajue kwamba mahudhurio ya darasa hupungua korosho zinapoanguka kwa wingi, na mitihani ya majaribio aipange mapema.

Nasisitiza neno "malipo" kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya korosho zilizouzwa na korosho zilizolipwa. Msimu wa 2018/19 wafanyabiashara walitoa bei ambayo wakulima waliikataa, Serikali ikaingia kununua kwa Sh 3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo, na wakulima wengi wakasubiri fedha zao kwa miezi. Mimi niliyekuwa na mshahara kila mwezi ndiye niliyeombwa sukari na majirani wenye ekari kumi. Tangu hapo sijaweka hesabu juu ya korosho ya mtu mpaka simu yake ipokee ujumbe wa benki.

Lipo jambo moja ambalo mtumishi mgeni atashawishiwa mapema, nalo ni kangomba, yaani kununua korosho kwa mkulima kienyeji, kwa kibaba au kwa kumkopesha Julai ili akulipe kwa gunia Oktoba. Hesabu yake inavutia, na atakayekuletea ni mtu mpole mwenye mtoto mgonjwa. Biashara hiyo imepigwa marufuku, na hata ukiponea sheria hutaponea sifa. Ukiwa na fedha ya kumsaidia jirani mwezi Julai, msaidie kwa mkopo wa fedha kwa fedha, mbele ya mkewe.

Shamba, rehani na mjomba

Sehemu hii naiandika polepole kwa sababu ilinigharimu. Baada ya miaka minne Newala nilinunua shamba la ekari tatu lenye mikorosho iliyokomaa. Tuliandikiana na muuzaji mbele ya mjumbe na mashahidi wawili, nikalipa taslimu mwezi wa nne. Oktoba nilipofika na ndoo zangu nilimkuta bibi mmoja amekaa chini ya mkorosho, anazungusha korosho kuitenga na bibo, yaani tunda lake, na wajukuu wake wanaokota.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuchukua mabibo?"

Nilipomweleza kwamba shamba ni langu hakukasirika. "Shamba lako, sawa," alisema. "Mikorosho nimeshika rehani. Huu msimu wa pili, bado mmoja." Akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, na saini ya muuzaji wangu ilikuwa pale chini, imeitangulia yangu kwa miezi tisa.

Huku ardhi ni kitu kimoja, mikorosho ni kitu kingine, na mavuno ya msimu fulani ni kitu cha tatu. Mtu aliyebanwa na ada au matibabu huweka mikorosho yake rehani kwa misimu kadhaa, na desturi hiyo inaheshimiwa kuliko mkataba wa mgeni. Kwa mtendaji wa kijiji tulikaa mara mbili bila mwafaka. Aliyeimaliza kesi ni mjomba wa muuzaji. Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera wamerithishana ukoo kwa upande wa mama, na ingawa leo wapo wengi wanaofuata upande wa baba, katika shauri la ardhi, ndoa au msiba neno la mjomba bado lina uzito. Mzee yule alisikiliza, akamwuliza mpwa wake maswali mawili tu, akaamua kwamba bibi amalize msimu wake wa tatu na mimi nirudishiwe fungu la fedha kwa misimu miwili niliyokosa. Fungu hilo nililipata, tena kabla ya Krismasi.

Kwa hiyo ukinunua shamba uliza maswali matatu kwa watu tofauti: ardhi ni ya nani, mikorosho ni ya nani, na nani ameshika rehani. Mjomba asaini, pamoja na mke wa muuzaji. Zaidi ya yote, lione shamba Oktoba, siyo Aprili, kwa sababu wakati wa kuokota ndipo mwenye haki na mavuno anapoonekana kwa macho. Kwa viwanja vya mjini shida ni nyingine. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam kutoka Mtwara lilizinduliwa 2015, na mradi wa kuigeuza gesi kuwa kimiminika huko Likong'o, Lindi, umezungumzwa kwa zaidi ya miaka 10. Kila mazungumzo yanapopamba moto, madalali hupandisha bei. Nunua kiwanja kwa bei ambayo ungekubali kuilipa hata mradi ule usijengwe, na hakikisha kimepimwa.

Watu, chakula na afya

Salamu huku haziharakishwi. Mtu mzima huamkiwa kabla ya kuulizwa bei, na anayepita mbele ya baraza bila kutoa neno hujadiliwa mpaka jioni. Msibani nenda hata kama humjui marehemu. Ukishaonekana umekaa mkekani, umeshakuwa mtu wa mtaa. Mialiko ya jando na unyago huja kwa wingi miezi ya kiangazi na baada ya fedha za korosho, na mtumishi hana haja ya kuhudhuria kila ngoma, lakini bahasha ndogo iliyotumwa kwa wakati inakumbukwa.

Chakula hakitakusumbua. Pwani kuna pweza na samaki wa kila namna; bara kuna muhogo, kunde na mbaazi. Kiangazi, kwenye stendi, utauziwa ming'oko, vile viazi vya porini vinavyochimbwa na kuchemshwa, ambavyo mgeni huvidharau siku ya kwanza na kuvitafuta wiki ya pili. Mabibo ni matamu yakiwa mabichi, ila yanaacha doa lisilotoka kwenye shati. Uraka unaotengenezwa kwa mabibo hayo ni pombe kweli hata ukiambiwa ni juisi.

Malaria bado ni nyingi kuliko mikoa mingi ya nchi, hivyo chandarua kiwe cha kwanza kutolewa kwenye begi. Kwa matibabu makubwa kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mtwara, Sokoine kwa Lindi, na hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao ambazo watu huzifuata kutoka mbali. Katika vijiji vya kando ya Mto Ruvuma, tangu machafuko yalipoanza Cabo Delgado nchini Msumbiji mwaka 2017, mgeni hupaswa kujitambulisha kwa mtendaji anapofika na kutembea na kitambulisho chake, na anayeulizwa maswali asione amedharauliwa.

Ukiamua kubaki

Wengi waliokuja kwa barua huishia kupanda mikorosho, na wengi hukosea mwanzoni kwa kupanda ovyo. Miche iliyobebeshwa na mbegu bora uliza kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya Mtwara mjini. Chimba mashimo kabla ya mvua, kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ambayo ni kama mikorosho 28 kwa ekari. Majirani watakuambia unapoteza ardhi. Waache, kwa sababu mikorosho iliyobanana hugusana matawi, hupitisha ubwiriunga kwa urahisi na hukosa jua la kuzalia. Nafasi iliyo katikati panda kunde, karanga au ufuta miaka ya mwanzo, na chakula hicho kitalipa palizi ya miche. Panda Desemba au Januari mvua zikishatulia ardhini, na uzungushie kila mche vijiti, kwani mbuzi wa Newala hawasomi mikataba. Mwaka wa tatu utaona korosho za kwanza, chache za kujaza sahani. Andika mahali tarehe uliyopanda na mbegu uliyotumia, maana afisa ugani atakuuliza siku ya kuandikisha shamba kwa ajili ya salfa, na wengi wetu hujibu kwa kukisia.